Usiku wa Saa Nane Mchana

Kikundi chetu kilikuwa na watu wanane, na mimi ndiye niliyekuwa wa taa. Sikuwahi kupanda jukwaani mbele ya watu; kazi yangu ilikuwa juu ya ngazi. Waigizaji walikuwa sita, na juu yao alikuwapo mwelekezi, ambaye sote tulimwita Mwalimu kwa sababu alifundisha sekondari miaka mingi kabla ya kuweka chaki chini na kuandika mchezo wake mwenyewe.

Mchezo ulikuwa wa mjane na wanawe watatu wanaogombania shamba, ekari chache zilizomegwa zamani kutoka shamba la mlowezi. Huku kwetu kila mtu analijua shamba la namna hiyo, na karibu kila mtu ana shangazi aliyelia kwa ajili yake. Kwa hiyo tuliitwa sana: shule, makanisa, vikundi vya wakulima. Tulianzia Nakuru mjini, tukazunguka Bahati, Njoro, Subukia, Dundori, mpaka tukateremka Gilgil na Longonot. Karibu kila mahali tulicheza saa nane mchana, maana ikishafika saa kumi watu wanawaza ng'ombe wa kukamuliwa, na hakuna mchezo unaoweza kumshinda ng'ombe.

Saa nane mchana ndiyo iliyokuwa shida yangu. Katikati ya mchezo kuna usiku. Mjane anaamka wanawe wakiwa wamelala, anapapasa njia ndani ya nyumba, anatoa cheti cha shamba chini ya kitanda, anakwenda kuketi kwenye kigoda mbele kabisa ya jukwaa na kukichoma. Mwalimu aliupenda usiku huo kuliko kitu kingine chochote alichowahi kuandika. Alitaka uwe wa samawati, mzito, watu wauone uso wa mjane na mikono yake tu. Na mimi ndiye niliyetakiwa kuutengeneza, jua likiwa limesimama juu ya bati.

Nilikuwa na taa kumi na mbili, za makopo meusi, zenye balbu za zamani zinazounguza vidole. Kila taa ilikuwa na feda yake kwenye bodi yangu, yaani kile kitufe unachosukuma juu taa ikawaka zaidi, ukavuta chini ikafifia, kuanzia sufuri hadi mia. Mtu asiyeijua kazi hii hudhani ukishapata viwango vyako umemaliza. Unaandika kwenye daftari: namba tatu hamsini, namba saba thelathini, na kesho unarudia. Sivyo. Thelathini ya ukumbi wenye kuta nyeusi si thelathini ya ukumbi uliopakwa chokaa nyeupe. Dari likiwa chini, mwanga unarudi. Stima ikiwa dhaifu, mia yako ni sabini ya jirani. Kila mji nilianza upya, nikibeba stendi zile zile kwa mgongo ule ule, na mgongo wenyewe ulikuwa umeanza kunidai mapumziko nisiyokuwa nayo. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa. Asubuhi nilishuka kitandani kwa vipande.

Nakuru tulicheza katika ukumbi wa zamani wenye mapazia meusi ya kweli, yanayofunga mpaka chini. Mara chache sana katika safari ile nilipata giza la bure namna hiyo. Niliuweka usiku kwenye ishirini na tano, na taa moja ya pembeni kwenye arobaini. Mwalimu alisimama katikati ya viti, mikono kiunoni.

"Hapo," akasema. "Madam, usiguse tena. Huu ndio usiku wangu. Andika hizo namba, nataka kila mahali tuende uwe hivi hivi."

"Kila mahali haitawezekana, Mwalimu."

"Jaribu."

Mchana ule, katika tukio la usiku, mjane alikikosa kigoda. Aliketi nusu, akateleza, akashika sakafu kwa mkono, kisha akajizoa akaketi. Watazamaji walidhani ni sehemu ya mchezo, mjane mzee, amechoka, na wengine wakaguna kwa huruma. Mimi sikudhani hivyo, kwa kuwa mtu wa taa hutazama miguu na mikono ya watu kuliko anavyosikiliza maneno yao. Lakini niliacha ipite. Kila mtu hukosea onyesho la kwanza.

Mjane huyo aliigizwa na mama wa miaka sitini na kitu ambaye sote tulimwita Mathe, yaani mama, jukwaani na nje ya jukwaa. Kwao ni Bahati. Alianza kuigiza kanisani akiwa msichana, kwenye michezo ya Krismasi, na hakuacha hata alipoolewa, hata alipozika mume. Sauti yake ilikuwa ya chini chini, lakini mtu wa kiti cha mwisho aliisikia. Mimi na yeye tulilala chumba kimoja. Mwanamke wa tatu katika kikundi, binti aliyeigiza mkamwana, alikuwa na jamaa kila mji tuliofika na alikwenda kulala kwao. Binti huyo ndiye pia aliyekariri maneno yote ya Mathe, kwa amri ya Mwalimu, ikitokea Mathe ameugua.

Siku mbili baada ya Nakuru tulikuwa Bahati, katika ukumbi wa chakula wa shule ya sekondari. Madirisha makubwa pande zote mbili, bila pazia hata moja. Harufu ya kabichi na maharagwe ilikuwa bado imening'inia. Nilizisukuma taa zote mpaka mia, nikatoka nje nikarudi ndani, sikuona tofauti. Jua la Bahati lilikuwa limeingia na kuketi mstari wa mbele kama mgeni wa heshima. Mwalimu alifunga madirisha kwa mablanketi ya bweni yaliyofika nusu, kisha akakata tamaa, akaenda kujificha nyuma.

Na Mathe akacheza vile sijawahi kumwona akicheza. Katika tukio la usiku, lililokuwa mchana mweupe, alitembea kutoka kitandani hadi kwenye kigoda bila kusita, akainama, akaketi, akakinusa kile cheti kabla ya kukitia moto, na wasichana wa kidato cha nne waliokuwa wakicheka wakanyamaza wote.

"Leo Mathe ameamka," Mwalimu akasema tulipokuwa tukipakia. "Sijui ni kwa sababu yuko nyumbani."

Mimi nilikuwa nikizungusha waya kwenye mkono, na hapo ndipo nilipolikumbuka lile anguko la Nakuru. Giza zuri, akaanguka. Mwanga mbaya, akatembea kama msichana.

Jioni ile, jua likiwa halijazama bado, tulifika kwenye lojingi ya Njoro. Chumba kilikuwa na dirisha dogo na kiza kidogo. Mathe aliingia mbele yangu, akanyoosha mkono akaufuata ukuta hadi kitandani. Beseni lilikuwa njiani. Nililiona, nikangoja nione kama atalikwepa. Alilipiga teke.

"Mathe," nikasema. "Huoni?"

Aliketi, akavua viatu, akavipanga pamoja kwa vidole, kisigino kwa kisigino.

"Naona," akasema. "Nakuona hapo umesimama. Mbele naona. Ni pembeni ndiko kumefungwa, na giza likiingia ndio hata mbele panapotea. Hiyo usiku yako ya blu, mami, inanimeza."

"Tangu lini?"

"Mwaka jana. Labda mwaka juzi. Ilikuja polepole, sikujua kama ni macho ama ni stima."

Nilimwambia aende hospitali. Alisema atakwenda safari ikiisha. Nilimwambia tumweleze Mwalimu. Hapo alinishika mkono, akaushika kwa nguvu.

"Ukimwambia atampa yule msichana nafasi yangu kesho asubuhi. Si kwa ubaya. Atasema ni kwa ajili yangu. Nitarudi nyumbani nikae na kuku. Wewe niongezee mwanga kidogo tu pale mbele. Kidogo. Yeye hatajua."

Nikakubali. Wala sikufikiri sana. Alikuwa ameniombea maji ya moto kwenye lojingi ya Nakuru, alikuwa amenikanda mgongo na mafuta ya mgando nikiwa siwezi kuinama, na alichoniomba ni kusukuma kitufe.

Lakini kusukuma kitufe kuna kazi yake. Kabla ya pale nilikuwa nikiweka viwango vya macho ya Mwalimu; sasa ilibidi niweke vya macho ya watu wawili wanaotaka vitu viwili. Niliitoa taa moja kwenye stendi, nikaiweka chini kabisa pembeni mwa jukwaa, imelala, mwanga wake ufagie sakafu na kukipata kigoda na ukingo. Mwalimu akiwa ukumbini nilimwekea usiku wake, ishirini na tano, akaridhika. Onyesho likianza naye akiwa nyuma akisukuma waigizaji, nilipandisha ile ya chini hadi themanini, na ile ya juu hadi hamsini. Njoro ilifanya kazi. Subukia ilifanya kazi. Asubuhi, kabla ya wengine kuja, nilimwongoza Mathe jukwaani tukahesabu pamoja: kutoka kitandani hatua sita, geuka, hatua nne, kigoda, na mbele ya kigoda hatua moja tu, hapo ni mwisho. Alihesabu kwa Kikuyu, chini ya pumzi. Kisha nikaanza kazi yangu mwenyewe, nikiwa tayari nimechoka.

Sikulala vizuri wiki zile. Nilijisikia nikihesabu hatua sita, hatua nne.

Dundori tulipanda siku ya ukungu. Ukumbi ulikuwa wa kanisa, kuta za mawe, bati juu, na baridi ya nchi ya viazi. Mchana ulikuwa umegeuka kijivu kiasi kwamba kwa mara ya kwanza tangu Nakuru ningeweza kuupata usiku wa kweli, na Mwalimu alifurahi akasugua mikono. Mlinzi wa kanisa, mzee mwenye kofia ya sufu na makoti mawili, alikuja kunionyesha soketi.

"Sasa madam, nikuambie ukweli," akasema. "Hapo ng'ambo ni kituo cha maziwa. Ile mashine ya kupoza ikianza, hizi mataa zako zitainama. Lakini hazizimi."

"Zitainama kwa muda gani?"

"Kulingana na maziwa."

Nilipima mara mbili. Mashine haikuanza. Nikaomba Mungu kidogo, nikafungua onyesho.

Ilianza katikati ya usiku wa mjane. Niliisikia kwanza, mngurumo nyuma ya ukuta, kisha taa zote zikageuka rangi ya chai. Mathe alikuwa ametembea zile hatua sita, amegeuka. Alisimama. Nilisukuma ile ya chini hadi mia. Nilisukuma ya juu hadi mia. Nilisukuma kila nilichokuwa nacho, na mia yote ile haikutoa mwanga wa mshumaa. Alikuwa na hatua nne za kwenda na hakuzienda. Alikuwa amenyoosha mkono mmoja mbele, cheti mkononi, uso umeelekea mahali ambapo hapakuwa na kigoda. Watu wakaanza kukohoa. Kutoka nyuma ya pazia nilisikia mmoja wa wale wana akimnong'oneza maneno, akidhani ameyasahau.

Niliiacha bodi. Katika miaka yote ya kazi sijawahi kuiacha bodi onyesho likiendelea. Nilikwenda hadi mlango wa pembeni, ule mkubwa wa mbao, nikautoa komeo nikaufungua wote. Ukungu uliingia na mwanga wake wa kijivu ukalala jukwaani, na ndama mmoja aliyekuwa uani akatazama ndani. Watu wakageuka, wakacheka. Mathe akaona. Akatembea hatua nne, akaketi, akakichoma cheti chake mbele ya watu waliokuwa wakimtazama ndama.

Mwalimu alinijia kabla watu hawajatoka.

"Umefanya nini?"

"Stima ilianguka."

"Stima kuanguka ni usiku zaidi! Hiyo ndiyo zawadi Mungu alitupatia leo, na wewe unafungua mlango? Madam, unafungua mlango kwa usiku wangu?"

"Dima ilikuwa inaungua," nikasema. "Nilitaka hewa iingie."

Ulikuwa uongo, na uongo mbovu, kwa kuwa boksi la dima, lile linalozigawia taa stima, lilikuwa hapo miguuni pake, baridi kama jiwe. Aliligusa. Alinitazama. Mathe alikuwa amesimama nyuma yake akikunja shuka la jukwaani.

"Longonot," Mwalimu akasema, "viwango nitaweka mwenyewe. Na nitakaa na wewe hapo kwa bodi mpaka mwisho."

Tukaanza kuteremka. Mathe alinipa nusu ya mahindi yake ya kuchoma. Nilikula kwa hasira, na sikujua hasira ni ya nani.

Ukumbi wa Longonot ulikuwa karibu na reli, na upepo wa pale hauna adabu. Vumbi lilipita chini ya milango likaja kutulia juu ya kila kitu, juu ya lenzi za taa, juu ya meno. Madirisha yalikuwa madogo na ya juu, mwenyeji wetu alikuwa ameyaziba kwa maboksi, tukapata giza. Jukwaa lilikuwa la saruji, limejengwa juu, limenifika kifuani. Chini yake saruji tena. Nilipokiweka kigoda mahali pake nilitazama ile hatua moja iliyobaki, kisha nikatazama chini.

Mathe alikuja kupima. "Ni ndefu?" akauliza, akipapasa ukingo kwa mguu.

"Ni ndefu. Mathe, leo sina la kufanya. Atakuwa amekaa na mimi."

"Nitahesabu."

"Na ukikosea?"

"Sijakosea bado," akasema, akaenda kunywa chai.

Nilibandika utepe mweupe kwenye ukingo wote. Kisha Mwalimu akaketi kwenye kiti cha plastiki katikati ya ukumbi na kuanza.

"Teremsha. Teremsha tena. Hiyo ya chini hapo ni ya nini? Zima. Teremsha hiyo nyingine. Tena. Hapo. Ni ngapi hapo?"

"Kumi na tano."

"Iache kumi na tano. Wacha waone uso na mikono."

Nilitazama jukwaa. Ule utepe mweupe haukuonekana. Mimi mwenye macho yangu mawili sikuona mwisho wa saruji ulipo. Mgongo uliniuma kutoka shingoni hadi miguuni, mdomo ulikuwa umejaa vumbi, na nilikuwa na zamu kumi zaidi mbele yangu za kuhesabu hatua za mtu. Mkono ukiwa bado kwenye feda nikasema:

"Mwalimu, Mathe haoni."

Aligeuka kwenye kiti. "Haoni nini?"

"Haoni. Macho yanafungwa. Giza likiingia haoni kabisa. Ndiyo sababu nilifungua mlango."

"Umejua tangu lini?"

"Bahati."

Alihesabu kimoyomoyo, niliona midomo. "Wiki tatu," akasema. Akasimama, akajipangusa vumbi la suruali kwa muda mrefu kuliko lilivyohitaji, kisha akatoka nje alikokuwa Mathe na kikombe chake.

Niliwaona kupitia mlango uliokuwa wazi. Upepo ulichukua maneno yote. Mwalimu alikuwa ameinama kidogo, mikono nyuma, kama anavyoinama mtu akizungumza na mama yake mzazi. Mathe alikuwa amenyooka. Mara moja tu aligeuza uso upande wangu. Siwezi kusema aliniona, ndani nilikokuwa kulikuwa na giza, lakini aliutuliza uso pale pale nilipo.

Kisha akaingia, akavua leso ya mjane aliyokuwa ameshajifunga, akampa yule binti. Maneno ya mkamwana yalikatwa, yalikuwa machache. Mathe alikuja kwangu akishika migongo ya viti, kimoja baada ya kingine, akaketi kando ya bodi.

"Haya," akasema. "Washa."

Ndivyo tulivyocheza Longonot. Mwalimu alikuwa kushoto kwangu, Mathe kulia. Usiku ulipofika niliuweka kwenye kumi na tano, kama nilivyoambiwa, na binti akatembea moja kwa moja hadi kwenye kigoda, miguu yenye macho, bila shida yoyote. Hakuwa mbaya. Alilia mapema mno, basi. Kulia kwangu nilisikia Mathe akiyasema maneno yote chini ya pumzi, kidogo mbele ya yule binti, kama mtu anayemfungulia mwingine njia. Binti alipokitia cheti moto, Mathe alisema, "Hajakinusa."

Kesho yake alfajiri nilipoamka kitanda chake kilikuwa kimetandikwa. Mwalimu alikuwa amempeleka kwenye steji ya matatu, akampandisha gari la Nakuru, na huko binti wa Mathe akaja kumpokea.

Tulimaliza safari. Niliweka viwango, nikaandika, nikafuta. Hapakuwa na hatua za kuhesabu, na kazi ilipaswa kuwa nyepesi, lakini haikuwa. Siku moja tukiwa tumesimama kununua viazi kando ya barabara, Mwalimu aliniambia, bila mimi kumuuliza, "Mngeniambia mapema ningeufanya huo usiku uwe mchana. Ningeandika tena. Ni mchezo wangu, ningeandika tena." Sijui kama ni kweli. Alikuwa mtu wa kusema maneno mazuri wakati wake ukishapita. Lakini inawezekana ilikuwa kweli, na hilo nimelifikiria mara nyingi nikiwa juu ya ngazi.

Nilikwenda kumwona Mathe Bahati baada ya mwezi hivi. Nilikuwa nimesikia kutoka kwa bintiye kwamba daktari wa macho Nakuru alisema ni presha ya macho, kwamba kilichopotea hakirudi, lakini kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone akiitumia kila siku bila kuruka. Angechelewa miezi michache zaidi, daktari alisema, kingebaki kidogo sana cha kulinda. Nilikwenda na habari hiyo moyoni kama mtu aliyebeba hati ya kujitetea.

Nilimkuta uani kwenye kiti, akichambua maharagwe. Alinijua kwa mwendo.

"Mami wa taa," akasema. "Karibu. Vuta hiyo kiti."

Tulikunywa chai. Tuliongea habari za mvua, na za jirani aliyeuza ng'ombe. Mwishowe mimi ndiye niliyesema.

"Mathe, una hasira na mimi?"

"Ndiyo," akasema, na mikono yake haikuacha maharagwe.

"Daktari alisema ni vizuri ulikwenda mapema."

"Alisema. Hata mimi alinieleza. Sikasiriki kwa sababu ulisema." Aliokota jiwe dogo, akalitupa. "Ungeniambia kwanza. Ungekuja pale nilikuwa nakunywa chai useme, Mathe, leo mimi nasema. Ningeenda mwenyewe. Ningemwambia Mwalimu kwa mdomo wangu. Nilisimama pale mbele ya huyo kijana nikasikia mambo ya macho yangu kutoka kwake, kama mtoto ameshtakiwa kwa mwalimu."

Nilitaka kusema jukwaa lilikuwa juu, saruji ilikuwa ngumu, na muda ulikuwa mfupi. Yote ni kweli. Lakini kikombe chake cha chai siku ile kilikuwa hatua ishirini kutoka kwangu, na nilikuwa na dakika zote za dunia.

"Nilikuwa nimechoka," nikasema.

"Najua. Nilikuona. Hata mimi nilikuwa nimechoka, sikukusema."

Kuku walikuja wakapekua maganda. Baada ya muda aliuliza ni saa ngapi, nikamwambia inakaribia saa tisa. Akasema ni saa ya dawa, na kwamba mjukuu anayemtilia bado yuko shule. Yeye mwenyewe akijaribu dawa yote inaishia shavuni. Akanituma ndani kwenye kabati, chupa ndogo yenye kifuniko cha manjano.

Nilinawa mikono kwenye karai. Nikasimama nyuma ya kiti chake, akaegemeza kichwa tumboni kwangu, uso juu, macho wazi kwenye mwanga wote ule.

"Moja kila jicho," akasema. "Usinimiminie kama unatia ng'ombe dawa."

Tone la kwanza lilianguka sawa. La pili alipepesa, likakosa, ikabidi nirudie, naye akanishika kifundo cha mkono kuielekeza chupa. Alibaki hivyo, macho yamefungwa, dawa ikiingia, mkono wake haujaniachilia. Kisha akafungua macho, akayapangusa kwa ncha ya leso, akasema wingu la upande wa Dundori limeshaanza kushuka na njia ya kwao ikishanyeshewa haipitiki, kwa hiyo nimalize chai yangu niende.